Kuandika modeli ya uigaji ili mgeni aweze kuijenga upya: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yametoka kwa wanafunzi na watafiti wanaojenga modeli za kompyuta: za magonjwa, za foleni, za samaki, za maji, za msongamano wa magari. Wengi huja wakiwa wamemaliza kuandika msimbo, na wamebakiza "kuandika maelezo kidogo." Hapo ndipo kazi inapoanza upya, kwa sababu ukikaa kuandika maelezo unagundua kuna mambo ambayo modeli yako iliamua bila wewe kujua. Majibu ni yangu, na pale nilipo na msimamo nimeusema.

Lugha ya kubainisha modeli ni kitu gani? Si ndiyo lugha ya programu?

Zinagusana lakini si kitu kimoja. Lugha ya programu, kama Python au Java, huiamuru kompyuta. Lugha ya kubainisha modeli humweleza mtu modeli yenyewe ni ipi: wamo nani, wana sifa gani, hutokea nini, kipi kinatangulia kipi, na mlianza na namba zipi. Nyingine zimeandikwa kwa urasmi kiasi kwamba kompyuta nayo huzisoma na kuiendesha modeli moja kwa moja.

Fundi hodari anaweza kujenga nyumba bila ramani, na nyumba ikasimama vizuri. Shida inakuja siku mwenye nyumba anapotaka kuongeza choo na fundi ameshahamia mji mwingine. Itabidi ukuta utobolewe hapa na pale kutafuta bomba lilipopita. Modeli isiyobainishwa huwa hivyo hivyo, na mara nyingi fundi aliyehama ni wewe mwenyewe wa miaka miwili iliyopita.

Msimbo wangu uko wazi mtandaoni kwa kila mtu. Bado niandike maelezo?

Ndiyo. Msimbo unasema ulichofanya, hausemi ulichokusudia. Msomaji akikuta mstari unaosema umri uwe zaidi ya 5, atajuaje kama ulitaka kuwaacha nje watoto wenye miaka mitano kamili, au ulisahau tu alama ya usawa? Kosa na uamuzi, ndani ya msimbo, vina sura moja.

Mfano unaojulikana zaidi ni wa Machi 2020. Imperial College London ilitoa ripoti yake ya 9 kuhusu korona, ripoti iliyochangia kubadilisha mwelekeo wa serikali ya Uingereza. Watu walipouliza msimbo uko wapi, Neil Ferguson, aliyeongoza kazi ile, alieleza hadharani kwamba aliuandika zaidi ya miaka 13 nyuma kwa ajili ya janga la mafua, na kwamba ni maelfu ya mistari ya lugha ya C isiyo na maelezo. Msimbo uliosafishwa ulitolewa baada ya wiki kadhaa, ukapokelewa kwa mashambulizi. Mwezi Juni, Stephen Eglen wa Chuo Kikuu cha Cambridge aliuendesha na kupata matokeo yaliyokaribiana sana na ya ripoti. Kwa hiyo modeli haikuwa ya kubuni. Lakini muda ambao watu walihitaji kuiamini ulikwisha katika ubishi juu ya mambo ambayo kurasa chache za maelezo zingeyajibu. Hilo linaniuma mpaka leo, kwa sababu ule haukuwa ubishi wa wasomi peke yao; watu walikuwa wanakufa.

Na si tatizo la modeli moja. Mwaka 2021 kikundi cha watafiti kilichapisha kazi ya kujaribu kujenga upya modeli 455 za baiolojia, zote za milinganyo na zote zimeshapita mikononi mwa wahakiki wa majarida. Karibu nusu hazikuweza kuzaa matokeo yaliyochapishwa kwa kutumia yale yaliyoandikwa kwenye makala. Sababu zenyewe ni za kawaida kabisa: thamani ya kigezo (namba inayowekwa mwanzo ikabaki hivyo) haikutajwa, hali ya mwanzo haikutajwa, mlinganyo uliandikwa vibaya.

Lugha hizi zilianzia wapi?

Tangu mwanzo, lugha za uigaji zilikusudiwa kueleza, si kukokotoa tu. Geoffrey Gordon wa IBM alileta GPSS mwaka 1961, ambamo mtu alichora mfumo kama visanduku: wateja wanaingia, wanapanga foleni, wanashika huduma, wanaiachia, wanaondoka. Huko Oslo, Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard wa Kituo cha Kompyuta cha Norway walitengeneza Simula katika miaka ya 1960, na wakaitambulisha kama lugha ya kuandikia programu na pia ya kuelezea mifumo. Wazo lao la vitu vyenye sifa na tabia ndilo lililozaa utaratibu wa programu unaotumika leo kwenye Java na nyinginezo. Wawili hao walipewa Tuzo ya Turing ya mwaka 2001. Ninapenda kuwakumbusha wanafunzi jambo hili: utaratibu wanaofundishwa mwaka wa kwanza kama ufundi wa programu ulizaliwa na haja ya kueleza foleni na viwanda.

Ya tatu ni DYNAMO, ya MIT, kutoka kundi la Jay Forrester mwishoni mwa miaka ya 1950. Modeli ya dunia nzima iliyozua mjadala mkubwa mwaka 1972 kuhusu mipaka ya ukuaji iliandikwa kwa DYNAMO. Itazame kwa karibu, kwa mfano wa tangi la maji:

MAJI.K = MAJI.J + DT*(INGIA.JK - TOKA.JK)

Herufi K ni sasa, J ni hatua iliyopita, na JK ni kipindi kati ya hivyo viwili. Yaani maji yaliyopo sasa ni yaliyokuwepo, ukijumlisha yaliyoingia na kutoa yaliyotoka katika muda wa DT. Muda umeandikwa ndani ya kila jina, na hakuna anayeweza kudanganyika kuhusu ni maji ya wakati gani. Lugha nyingi za sasa zimeupoteza uwazi huo.

ODD ni nini, na kwa nini kila mtu anaitaja?

ODD ni itifaki ya kuelezea modeli za mawakala, yaani modeli ambamo kila mtu, mbu, samaki au gari linaigwa peke yake. Herufi hizo tatu zinasimama kwa muhtasari, dhana za usanifu, na undani. Ilichapishwa mwaka 2006 na Volker Grimm wa kituo cha utafiti wa mazingira cha UFZ, Leipzig, Ujerumani, pamoja na wenzake. Jumla walikuwa wajenzi wa modeli 28 wa nyanja mbalimbali za ekolojia, ambao waliijaribu kwanza kwenye modeli zao wenyewe. Ikarekebishwa mwaka 2010 na tena 2020.

Ina vipengele saba, na mpangilio wake haubadilishwi. Kwanza lengo la modeli, na ruwaza za ulimwengu halisi zitakazotumika kuipima. Pili wahusika, vigeu vyao vya hali (sifa zao zinazobadilika modeli inapoendeshwa), na vipimo vya eneo na muda. Tatu michakato na ratiba yake. Nne dhana za usanifu, ambazo ni kumi na moja: humo unaeleza kama wahusika wanajifunza, wanaona nini, wanakutanaje, bahati nasibu inaingia wapi, na kadhalika. Tano hali ya mwanzo. Sita data zinazoingizwa kutoka nje. Saba modeli ndogo, ambako kila mchakato unaelezwa mpaka mlinganyo wa mwisho.

Nguvu ya ODD iko kwenye huo mpangilio usiobadilika. Msomaji aliyezoea anajua kwamba akitaka ratiba aende kipengele cha tatu, na akikuta hakijajaa anajua kuna kitu kimefichwa au kimesahaulika. Pengo linaonekana. Kwenye makala ya kawaida, pengo hufunikwa na maneno mazuri.

Nionyeshe ODD fupi ya kitu ninachokijua.

Haya, kliniki ya mama na mtoto.

Lengo: kujua akina mama husubiri muda gani siku ya Jumatatu nesi akiwa mmoja, na muda huo unapunguaje wakiwa wawili. Ruwaza ya kupimia: foleni halisi huwa ndefu zaidi asubuhi na kupungua kuelekea mchana, modeli isiyoonyesha hivyo haifai.

Wahusika: mama, mwenye vigeu viwili, dakika aliyofika na hali yake (anasubiri, anahudumiwa, ameondoka), na nesi, mwenye kigeu kimoja, dakika zilizobaki kumaliza na aliye mbele yake. Hakuna eneo, foleni ni orodha tu. Hatua moja ya modeli ni dakika 1. Siku ina hatua 360, kuanzia saa 2:00 asubuhi hadi saa 8:00 mchana, ambazo kwenye kompyuta ni 08:00 hadi 14:00. Ukiandika kwa Kiswahili, taja saa zote mbili kila mara. Nimeshaona data ambazo nusu yake zilijazwa kwa saa zetu na nusu kwa saa za kompyuta, na hakuna aliyeshtuka mpaka chati ilipoonyesha watoto wanapimwa uzito usiku wa manane.

Ratiba: kila dakika, kwanza waliofika dakika hiyo wanajiunga mwisho wa foleni. Kisha nesi anayemaliza anamruhusu mama kuondoka. Kisha nesi aliye huru anamchukua wa kwanza kwenye foleni. Mwisho urefu wa foleni unaandikwa.

Umeona kinachokosekana? Saa 8:00 mchana ikifika, waliobaki kwenye foleni wanahudumiwa, au wanaambiwa warudi kesho? Na wakirudishwa, muda wao wa kusubiri unahesabiwa kwenye wastani au hauhesabiwi?

Swali hilo nalijua kwa sababu lilinikuta. Modeli yangu ya kwanza ya foleni ilikuwa na wastani mzuri mno. Miaka miwili baadaye mwenzangu alitaka kuitumia kwa kituo kingine, akaomba maelezo, nami nikakaa kuandika ODD ambayo sikuwa nimeiandika. Nilipofika kwenye ratiba nikakuta kwamba msimbo wangu uliweka muda wa kusubiri kwenye orodha pale tu mama alipomaliza kuhudumiwa. Waliofungiwa mlango, yaani walewale waliosubiri kuliko wote, hawakuwemo kwenye wastani kabisa. Kompyuta haikukosea, ilitii. Sentensi moja kwenye kipengele cha tatu ingeniambia hayo siku ya kwanza. Wastani ule nilikuwa nimeshauonyesha kwa watu waliokuwa wanapanga idadi ya manesi, na ilinibidi niwarudie niwaambie.

Kwa nini mnasisitiza ratiba kuliko vitu vingine?

Kwa sababu ratiba inaweza kugeuza jibu kichwa chini, na ndiyo inayoandikwa kwa uzembe zaidi.

Mwaka 1992 Martin Nowak na Robert May walichapisha modeli ya ushirikiano na usaliti. Chukua ubao wa miraba. Kila mraba una mchezaji, ama mshirika ama msaliti. Kila mmoja anacheza na jirani zake, anajumlisha alama, kisha anaiga mwenendo wa yule aliyepata alama nyingi zaidi kati ya jirani zake na yeye mwenyewe. Ubao ulichora maumbo yanayobadilikabadilika kama nakshi za zulia, na washirika hawakutoweka. Fundisho lilivutia sana: ushirikiano unaweza kudumu kwa sababu tu ya ujirani, bila kumbukumbu wala ujanja.

Mwaka uliofuata Bernardo Huberman na Natalie Glance waliuchukua mchezo uleule, namba zilezile, wakabadilisha jambo moja. Kwa Nowak na May wachezaji wote walibadilika kwa pamoja, kama askari wanaogeuka kwa amri moja. Huberman na Glance waliwaacha wabadilike mmoja mmoja, kila mtu kwa wakati wake. Washirika wakafutika, ubao mzima ukawa wasaliti. Mwaka 1994 Nowak na wenzake walijibu kwamba kwa thamani nyingine za mchezo ushirikiano hudumu hata watu wakibadilika mmoja mmoja, kwa hiyo hoja yao haikufa. Lakini hakuna aliyeweza tena kusema kwamba "kwa pamoja au mmoja mmoja" ni jambo la fundi wa kompyuta peke yake.

Sasa angalia NetLogo, programu ya bure ya Uri Wilensky iliyotoka mwaka 1999, ambayo ndiyo ninayowaanzishia wanafunzi. Amri yake ya ask huwaita mawakala mmoja baada ya mwingine kwa mpangilio wa nasibu, na kila mmoja anamaliza yake yote kabla ya mwingine kuanza. Ukiandika kanuni ya kuiga jirani ndani ya ask moja, umeshachagua "mmoja mmoja." Ukitaka "kwa pamoja," inakubidi uwe na ask mbili: ya kwanza kila mtu anaamua atakuwa nani bila kubadilika, ya pili wote wanabadilika. Mwanafunzi asiyejua hili amefanya uamuzi mkubwa wa kisayansi kwa kutojua. Kwa hiyo kwenye ODD usiandike "mawakala wanasasisha hali zao." Andika nani anaanza, kama mabadiliko yake yanaonekana kwa wanaofuata, na kama mpangilio ni uleule kila hatua au unachanganywa upya.

Vigezo vyangu viko kwenye jedwali. Hiyo haitoshi?

Inategemea jedwali linasemaje. Chukua mstari mmoja: "vifo vya mbu, 0.1 kwa siku." Unaeleweka? Mimi nausoma kwa namna mbili. Namna ya kwanza, kila siku kila mbu ana uwezekano wa 0.1 kufa, kwa hiyo baada ya siku 10 kati ya mbu 1,000 watabaki takriban 349. Namna ya pili, 0.1 ni kasi endelevu ya vifo, na baada ya siku hizo hizo watabaki takriban 368. Vimelea vya malaria huhitaji karibu siku 10 au zaidi kukomaa ndani ya mbu, kutegemea joto, hivyo ni hao waliobaki ndio wanaoambukiza. Jedwali moja, namba moja, na tayari tunatofautiana kwa mbu 19 katika kila elfu, kabla ya modeli kuanza kuzidisha tofauti hiyo.

Ugomvi kama huo uko kwenye modeli ya maambukizi inayotokana na kazi ya Kermack na McKendrick ya mwaka 1927. Wengine huzidisha walio hatarini kwa wagonjwa, wengine huzidisha kisha wakagawanya kwa idadi ya watu wote. Herufi ya kigezo ni ileile, vipimo ni tofauti kabisa, na kwenye mji unaokua majibu yanaachana. Kila kigezo kiwe na jina, thamani, kipimo, na asili yake: kimepimwa wapi, lini, au ni makisio yako. Kukisia si dhambi. Kukisia kimyakimya ndiko kunakoharibu.

Tarehe nayo ni sehemu ya kipimo. Taarifa za mbu na malaria kutoka vijiji vya bonde la Kilombero, Tanzania, kama Namawala, zimetumika katika modeli za malaria zilizojengwa Basel kwa ushirikiano wa muda mrefu kati ya taasisi mbili za utafiti wa afya, ya Ifakara na Swiss TPH ya Uswisi. Zilikusanywa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kuanzia 1997 mradi wa KINET ulisambaza vyandarua vyenye dawa Kilombero na Ulanga kwa njia ya mauzo ya bei nafuu. Anayechukua namba za zamani kuelezea maisha ya leo bila kutaja mwaka anaeleza bonde ambalo halipo tena.

Modeli yangu ni milinganyo tu, haina mawakala. ODD inanifaa?

Unaweza kuitumia, lakini una lugha zinazokufaa zaidi, kwa sababu milinganyo huandikika kwa urasmi na kompyuta ikaisoma bila mkalimani.

Kwa baiolojia kuna SBML, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 2001, na CellML kutoka Auckland, New Zealand. Faili la SBML hutaja kila kemikali, kila mmenyuko, kila kigezo na kipimo chake, na programu nyingi tofauti hulifungua. Hazina ya BioModels huko Uingereza huhifadhi modeli za aina hii tangu 2005. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba SBML inaeleza modeli, haielezi ulichoifanyia. Uliiendesha kwa muda gani? Ulibadilisha kigezo kipi ili kupata mchoro wa tatu? Hayo yana lugha yake, SED-ML. Mtu akikutumia faili la modeli bila maelezo ya majaribio, amekupa chombo bila kukuambia alipikaje.

Kwa modeli za mitiririko, zile zilizorithi DYNAMO, kuna XMILE, kiwango kilichopitishwa na OASIS, shirika la viwango vya kompyuta, mwaka 2015.

Kwa mitambo, umeme, maji na joto, kuna Modelica. Mzizi wake ni kazi ya Hilding Elmqvist huko Lund, Sweden, mwaka 1978, na toleo la kwanza la Modelica yenyewe lilitoka 1997. Ninaipenda kwa sababu moja kubwa. Tangi la maji juu ya paa linaandikwa hivi:

A * der(kina) = yanayoingia - yanayotoka;

A ni eneo la kitako cha tangi, na der ni kasi ya kubadilika. Huo ni mlinganyo wa kweli, si amri. Upande wa kushoto haupokei jibu kutoka kulia. Pande mbili zinalingana, basi. Ukijua maji yanayoingia na yanayotoka, utapata kina. Ukijua kina kinavyobadilika na yanayotoka, mlinganyo uleule utakupa yanayoingia. Kwenye Python ungelazimika kuandika kanuni mbili, na msomaji angelazimika kukagua kwamba zinakubaliana. Na majina, kama unavyoona, yanaweza kuwa ya Kiswahili.

Na DEVS?

Ni urasmi wa kihisabati wa modeli za matukio, wa Bernard Zeigler, uliotoka mwaka 1976. Unaeleza hali, pembejeo, matokeo, na muda mfumo unaokaa katika hali fulani kabla ya kubadilika wenyewe. Isome kama unaunganisha modeli nyingi za watu tofauti, maana hapo ndipo inapong'aa. Kwa tasnifu ya shahada ya kwanza kuhusu foleni, ODD na mchoro mmoja vinatosha.

Michoro ya UML inaweza kuchukua nafasi ya maandishi?

Hapana. UML ni michoro sanifu ya kuonyesha muundo wa programu; itumie kusindikiza. Mchoro wa madaraja unaonyesha nani wamo, na mchoro wa shughuli unasaidia sana kwenye ratiba, lakini visanduku na mishale havina mahali pa kuandikia kwa nini.

Nimeweka mbegu ya namba nasibu, matokeo yanajirudia kila mara. Si inatosha?

Mbegu, yaani namba inayoanzisha mfuatano wa namba nasibu, inatosha kuthibitisha kwamba kompyuta yako inakubaliana na yenyewe. Taja mbegu, taja kizalishaji cha namba nasibu na toleo la programu, kwa sababu mbegu 42 kwenye programu mbili tofauti huzaa mfuatano tofauti. Kisha endesha modeli kwa mbegu nyingi na uonyeshe matokeo yanavyotawanyika. Anayeripoti mbegu moja ni kama aliyekwenda kliniki Jumatatu moja akarudi kusimulia mwaka mzima.

ODD iwe na urefu gani?

Mpaka mtu asiyekujua aweze kuijenga modeli bila kukupigia simu. Muhtasari wa ukurasa mmoja au miwili uwekwe kwenye makala, na ODD kamili iwe kiambatisho. Usipunguze modeli ndogo ili kubana kurasa. Ndizo zinazotafutwa kwanza na anayejaribu kurudia kazi yako.

Naweza kuandika ODD kwa Kiswahili, au ni lazima Kiingereza?

Andika kwa Kiswahili, halafu utafsiri kwa ajili ya jarida. Nalisema hili kwa moyo wote, na si kwa ajili ya lugha pekee. Nesi wa kliniki ile hawezi kukagua msimbo wangu, lakini akisomewa kipengele cha tatu kwa Kiswahili atakwambia papo hapo: "Hapana, mtoto mwenye homa hapangi foleni, tunampitisha mbele." Hiyo ni kanuni nzima ya modeli, na hakuna data iliyokuwa inaionyesha. Kipengele cha pili na cha tatu cha ODD viandikwe kwa lugha ambayo wenye mfumo wataweza kukukosoa.

Hata msimbo hauna kizuizi. NetLogo hukutaka utaje kila aina ya wakala kwa wingi na umoja, na ukiandika breed [wagonjwa mgonjwa] inakubali bila shida. Kisha unasoma ask wagonjwa na sentensi inaeleweka kwa yeyote aliyekaa karibu nawe.

Istilahi zitakusumbua kidogo. Mimi hutumia kigeu kwa kinachobadilika wakati modeli inaendeshwa, na kigezo kwa kinachowekwa mwanzo kikabaki hivyo. Wengine wana chaguo jingine. Ulilochagua lieleze mwanzoni na usilibadilishe katikati.

Kuna ODD maalumu kwa modeli za maamuzi ya watu?

Ipo, inaitwa ODD+D, ya Birgit Müller na wenzake, 2013. Inakubana ueleze wahusika wako wanaamuaje: wanakokotoa faida, wanafuata mazoea, au wanaiga wengine, na nadharia gani imekuongoza. Kama modeli yako ina wakulima wanaochagua mbegu au abiria wanaochagua kati ya daladala na bodaboda, itumie.

Nimepewa modeli iliyochapishwa, haina maelezo ya kutosha, na mwandishi hajibu barua. Nifanye nini?

Usianze na msimbo wake, hata kama unao. Soma makala na uandike ODD yake wewe mwenyewe, na kila mahali ulipolazimika kukisia weka alama. Orodha ya alama hizo ni matokeo ya utafiti, iweke kwenye kazi yako. Kisha ijenge upya kwa programu nyingine kabisa, maana ukitumia ileile utarithi na maamuzi yake ya kimyakimya.

Ukishaijenga, amua unalinganisha kwa kiwango gani. Robert Axtell, Robert Axelrod, Joshua Epstein na Michael Cohen walipooanisha modeli mbili mwaka 1996 walitofautisha viwango vitatu. Cha juu kabisa ni namba zilezile moja kwa moja, jambo ambalo kwa modeli yenye nasibu usilitarajie. Cha pili ni mtawanyiko wa matokeo usioweza kutofautishwa kitakwimu. Cha tatu ni uhusiano tu: kwa mfano, ukiongeza nesi wa pili, kusubiri kunapungua kwenye modeli zote mbili. Mimi hulenga cha pili, kwa mbegu mia moja kila upande.

Ukikosa hata cha tatu, usiguse vigezo kwanza. Rudi kwenye ratiba, chukua mawakala watatu na hatua mbili, uzifuate kwa kalamu na karatasi.